SOMO: KUPIMA KOMPYUTA NYEMBAMBA YA KUKUNJA

Kompyuta inayogeuzwa ikawa kama kibao ilienea baada ya mwaka 2012, kampuni ya Lenovo ilipotoa Yoga, ambayo kioo chake huzunguka nyuzi 360. Siku hizi vyama hupeleka taarifa kwa Tume ya Maendeleo ya Ushirika kwa njia ya mfumo wa MUVU, hivyo kompyuta ni chombo cha kazi cha katibu. Lakini fedha za kuinunua ni jasho la wanachama; yapasa ipimwe kabla ya kulipiwa.

1. Bawaba. Ndiyo hubeba kioo. Ikunjwe na kukunjuliwa mara nyingi. Kioo kikiyumba wakati wa kuandika, isichukuliwe.

2. Vibonye. Katibu mwenyewe achape ukurasa mzima wa daftari la wanachama. Wembamba mara nyingi hufanya vibonye viwe vifupi, navyo huchosha vidole.

3. Matundu. Huwa machache. Printa ya chama ijaribiwe palepale dukani.

4. Matengenezo. Nyingi hazikubali kuongezwa kumbukumbu baadaye. Fundi wa Lushoto aulizwe kwanza.

Wepesi humfaa katibu apandaye milima hadi Mtae au Mlalo, na kibao humrahisishia mkulima kusoma hesabu yake. Chama kisicho na haja hizo chatoshwa na kompyuta ya kawaida.

Swali la kujadili: Je, chama chetu kinanunua kazi au kinanunua umbo?