Tawakkul Mlimani: Funzo la Daktari Oswald Oelz



Ndugu zangu, mimi ni mtoto wa Busia. Nikienda chuoni Mbale hupita Tororo, na asubuhi isiyo na mawingu Mlima Elgon huonekana kaskazini. Likizo iliyopita tuliupanda vijana sita. Siku ya pili, tukiwa juu ya mita 3,000, mwenzetu aliumwa kichwa, akatapika. Mimi, amiri wa safari, nikamwambia: "Subiri, ndugu yangu, mtegemee Allah." Tukaendelea kupanda. Usiku alianza kuyumba kama mlevi, ndipo kiongozi wa njia akaamuru ateremshwe. Alhamdulillah alipona. Swali likabaki kwangu: ile ilikuwa tawakkul au ujinga?

Jibu nimelipata katika kisa cha Oswald Oelz, daktari wa Austria. Septemba 1970 alipanda Mlima Kenya pamoja na daktari mwenzake, Gert Judmaier. Karibu na kilele cha Batian, chenye mita 5,199, Judmaier alianguka akavunjika mguu vibaya. Oelz aliteremka kutafuta msaada, kisha akapanda tena kumhudumia. Waokoaji walitoka Kenya na Austria. Rubani Jim Hastings alifariki helikopta yake ilipoanguka. Baada ya siku nyingi Judmaier alifikishwa chini akiwa hai.

Baadaye Oelz alipanda Everest mwaka 1978, tena akautafiti ugonjwa wa kimo. Juu sana, oksijeni ikipungua, mishipa ya mapafu hubana, shinikizo hupanda, na maji huvujia ndani ya mapafu. Mwaka 1989 yeye na wenzake walionyesha kuwa nifedipini, dawa ya shinikizo la damu, huwasaidia wagonjwa hao.

Mafunzo:

1. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza mtu amfunge ngamia wake kwanza, ndipo ategemee. Kuteremka ndiko kumfunga ngamia.

2. Imam Ghazali ameihesabu tiba kuwa fardhi kifaya. Katika sisi sita hakuna aliyeijua hata dalili moja.

3. Juu ya mita 2,500, ukiumwa kichwa na kichefuchefu, usipande zaidi. Ukiyumba, au ukikosa pumzi hali umekaa, teremshwa mara moja, hata usiku.

Nimemwomba radhi mwenzangu, naye amenisamehe. Subira ni ibada, lakini si ya kumwamrisha mgonjwa ili safari yetu isikatike.

Wallahu a'lam.