SOMO LA USHIRIKA: Kuunganisha Programu na Hifadhidata



Kila katibu anafahamu kwamba leja ya chama haiandikwi na kila mtu. Mkulima huleta mazao, karani hupima na kutoa stakabadhi, na mtunza leja ndiye aingizaye hesabu. Katika kompyuta utaratibu ni huo huo. Hifadhidata ya majedwali, ambayo nadharia yake ilitolewa na Edgar F. Codd mwaka 1970, ndiyo leja. Programu iliyoandikwa kwa JavaScript ndiyo karani wa dirishani. Kati yao huwekwa maktaba ya msaada, kama vile Knex, igeuzayo maombi ya programu kuwa lugha ya SQL.

Mambo ya kufuatwa ni haya:

(a) Kuweka vifaa. Kwa hifadhidata ya PostgreSQL, katika mashine yenye Node.js huandikwa amri: npm install knex pg. Knex hutunga maombi, pg huyasafirisha.

(b) Kutoa anwani. Maktaba huelezwa jina la mashine, namba ya mlango (kwa kawaida 5432), jina la hifadhidata, mtumiaji na neno la siri. Neno la siri lisiandikwe ndani ya programu. Kufanya hivyo ni sawa na kuacha ufunguo wa sefu juu ya meza.

(c) Kuuliza. Ili kupata mapokezi ya mwanachama namba 47 huandikwa: await knex('mapokezi').where('namba', 47). Namba hiyo hupelekwa mbali na maneno ya amri. Hivyo mwenye hila hawezi kupenyeza amri yake mahali pa namba.

(d) Kufunga maandishi pamoja. Mwanachama akikatwa deni la mbolea katika malipo ya kahawa, maandishi mawili yanahitajika. Umeme ukikatika katikati, malipo yaweza kupungua ilhali deni limebaki palepale. Kwa hiyo yote mawili yafanywe ndani ya knex.transaction: yakamilike yote, au yafutwe yote.

Ndugu Katibu, si lazima uandike programu wewe mwenyewe. Lakini ni wajibu wako kumhoji fundi kabla chama hakijapokea kazi yake.

Maswali ya kujadili:

1. Neno la siri la hifadhidata yenu linatunzwa wapi, na nani analijua?

2. Umeme ukikatika wakati wa kuingiza malipo, mwanachama analindwa vipi?