Kukwamua Vali ya Taa: Kauli ya Kutendua katika Sajili ya Ufundi

Mwanafunzi wa Kiswahili akiulizwa kuhusu kauli ya kutendua, aghalabu hutaja jozi zile zile: funga na fungua, ziba na zibua, kunja na kunjua. Mjadala huishia hapo. Makala hii inanuia kuitoa kauli hiyo darasani na kuipeleka kwenye meza ya fundi, mahali ambapo kitenzi kilichoteuliwa vibaya kinaweza kumuunguza mtu. Mfano wetu ni taa kongwe ya kambini ambayo vali yake ya mafuta imekwama.

Taa yenyewe ni Coleman 200A, iliyotengenezwa na kampuni ya Coleman ya Wichita, jimbo la Kansas, Marekani, tangu miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ni jamaa ya karabai tuijuayo, ambayo wavuvi wa omena katika Ziwa Viktoria waliitegemea kwa miaka mingi kuvutia samaki usiku. Zote mbili hujazwa hewa kwa pampu. Hewa hiyo husukuma mafuta yapande, yapite katika kibomba chenye moto na kugeuka mvuke, kisha mvuke uwake ndani ya utambi wa wavu. Tofauti kubwa imo katika mafuta. Karabai ya wavuvi hutumia mafuta ya taa, ilhali 200A hutumia mafuta mepesi ya jamii ya petroli, ambayo mvuke wake hushika moto kwa wepesi mno.

Vali hukwama kwa sababu kadhaa. Mafuta yaliyoachwa tangini kwa miaka huacha utandu unaonata kama gundi. Pia kuna ufungo wa grafiti unaouzunguka ufito wa vali ili mafuta yasivuje. Ufungo huo hukauka na kuubana ufito. Wakati mwingine mtumiaji mwenyewe ameikaza vali kupita kiasi taa ikiwa ingali moto. Hapa lugha inatupa vitenzi viwili vya kutendua vinavyofaa, navyo havilingani. Tunagandua kilichogandamana na kingine, kama utandu ule. Tunakwamua kilichozuiwa kwenda. Ufito unaweza kukwama bila kuganda, hasa ikiwa nati ya ufungo ndiyo imeubana. Fundi anayetofautisha maneno haya mawili tayari ameanza kuubainisha ugonjwa wa taa yake.

Tatizo zito zaidi linahusu kitenzi fungua. "Fungua vali" humaanisha zungusha kirungu ili mafuta yapite. Vali yenyewe inabaki mahali pake. "Fungua nati" humaanisha izungushe hadi itoke kabisa. Kitenzi ni kimoja, matendo ni mawili, na katika taa yenye shinikizo tofauti hiyo si ya kubahatisha. Nati ya ufungo haihitaji kufunguliwa katika hatua za mwanzo; inahitaji kulegezwa tu, robo ya mzunguko, kinyume cha mwendo wa mikono ya saa. Ikumbukwe kuwa kinyume cha kaza hakipatikani kwa kutendua. Hatusemi *kazua. Tunaazima legeza, ambacho ni kauli ya kutendesha ya legea. Nionavyo, huku si kupungukiwa kwa lugha. Fungua huwa na kikomo, lakini legeza huwa na kiasi, na kiasi ndicho fundi anachokihitaji hapa.

Sasa tuangalie mpangilio wa sentensi. Linganisha maelekezo haya mawili: "Pasha vali joto baada ya kuhakikisha kuwa tangi halina mafuta", na "Toa hewa yote, mwaga mafuta, acha tangi wazi nje ya nyumba hadi likauke na harufu iishe, ndipo uipashe vali joto." Sarufi ya sentensi ya kwanza haina dosari. Hata hivyo, msomaji mwenye spana mkononi hutenda kadiri asomavyo, naye atakuwa amekwisha kupasha joto kabla ya kulifikia onyo. Neno ndipo katika sentensi ya pili ni lango: halimruhusu kupita kabla ya kutimiza yaliyotangulia.

Joto lenyewe lisitokane na mwali. Wapo wakusanyaji wa taa hizi wanaotumia kichomeo cha gesi. Siwaungi mkono, kwa kuwa tangi lililomwagwa petroli huweza kubaki na mvuke unaolipuka. Maji yaliyochemka, yakimiminwa taratibu juu ya vali, mara nyingi hutosha kulainisha utandu. Kisha tia matone machache ya mafuta mepesi ya kulegeza kutu pale ufito unapoingia kwenye nati, uache usiku kucha. Siku ya pili, zungusha kirungu kidogo kushoto, kidogo kulia, bila kulazimisha. Shaba ni laini. Ukitumia koleo kwa nguvu, utauvunja ufito au kukwaruza kikalio cha vali, na vali iliyokwaruzwa haizuii tena mafuta. Ikikataa katu, ndipo nati ifunguliwe, na ufito uchomolewe ili usafishwe na ufungo ubadilishwe.

Ufito ukishakwenda, kaza nati hadi kirungu kizunguke kwa uzito kidogo. Kabla ya kuwasha, tia mafuta, funga vali, piga pampu na upake maji ya sabuni kuzunguka nati. Rudia kupaka vali ikiwa wazi kwa muda mfupi tu, nje, mbali na moto wowote. Povu likitokea kwenye nati, funga vali na uikaze nati kwa sehemu ndogo ya mzunguko, kisha upime tena. Povu likiendelea, usiwashe. Toa hewa, mwaga mafuta na ubadilishe ufungo.