Mtoto asiyetulia: tuanze na nini?

Mzazi, mtoto asiyetulia wala kusikiliza huenda si mtukutu, wala hajarogwa. Mlete kliniki. Kwanza tutapima masikio na macho, na kuuliza kuhusu usingizi wake. Hofu ya vita nayo humfanya mtoto ahangaike.

Akionekana ana tatizo la kutotulia na kukosa umakini, liitwalo ADHD, naye hajafika miaka 6, tiba ya kwanza si vidonge bali ni mafunzo kwa mzazi:

- Mpe agizo moja, fupi.
- Akitii, msifu papo hapo.
- Fuata ratiba ileile kila siku.
- Usimpige.

Kuanzia miaka 6, tatizo likiendelea, daktari bingwa anaweza kumwanzishia methilfenideti kwa dozi ndogo. Uzito, urefu, mapigo ya moyo na shinikizo la damu vitapimwa mara kwa mara. Akikosa usingizi au hamu ya kula, tuambie.

Usimpe dawa ya usingizi ili atulie.