Saa Mkononi, Simu Nyumbani: Je, Sikio Limepumzika?

Somo la leo limetokana na kikao cha VIWAWA hapa Buhongwa, ninapofanya mwaka wangu wa kichungaji. Tulikuwa tunazungumzia kufunga na matumizi ya simu. Dada mmoja akanyoosha mkono: "Frateri, mimi simu naiacha nyumbani. Nikienda Misa ya asubuhi nina saa tu mkononi, inanipigia nyimbo. Hiyo nayo inahesabika ni simu?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akaongeza taratibu kwamba tangu mama yake afariki hawezi kuipita ile njia bila kitu masikioni, maana kukiwa kimya mawazo yanakuja yote kwa pamoja.

Amenikubalia niandike habari hii bila kumtaja jina. Kwa kweli ameuliza maswali mawili. La kwanza: nikiacha simu nikabaki na saa inayopiga muziki, nimejinyima kitu au nimebadilisha tu chombo? La pili ni zito zaidi: je, muziki unaweza kutumika kuukimbia ukimya ambao Mungu anatungojea ndani yake? Twende polepole.

1. Kwanza tukijue chombo chenyewe

Kwenye masomo ya Falsafa tulizoeshwa jambo moja: kabla hujakihukumu kitu, jua ni nini. Saa janja zinazouzwa mtaani haziko sawa. Ziko za aina tatu.

Aina ya kwanza ndiyo wengi wetu tunayo, zile za bei ya chini. Ukibonyeza wimbo kwenye saa, wimbo unapigwa na simu. Saa ni rimoti tu. Ukiiacha simu nyumbani, muziki unabaki nyumbani.

Aina ya pili ina nafasi ya kuhifadhi nyimbo. Unazipakua ukiwa kwenye Wi-Fi, au unazihamisha kutoka kwenye simu, halafu unaunganisha saa na vile vifaa vya masikioni visivyo na waya kwa Bluetooth. Hapo unaweza kutembea bila simu na bila bando. Kwa programu kama Spotify, iliyoingia Tanzania mwaka 2021, kupakua nyimbo kwenye saa kunahitaji uwe unalipia kila mwezi.

Aina ya tatu ina laini yake ndani, ile inayoitwa eSIM. Inaingia mtandaoni yenyewe. Apple Watch ya kwanza ya namna hiyo ilitoka mwaka 2017. Hapa kuwa makini na hela yako: mtandao kukubali eSIM ya simu si sawa na kukubali eSIM ya saa, na saa iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani inaweza isishike masafa ya huku kwetu. Uliza kwenye duka la mtandao wako kabla hujanunua, siyo baada.

Tupige hesabu kidogo, maana uwakili mwema ni fadhila pia. Muziki wa kiwango cha kilobiti 96 kwa sekunde unakula kama MB 43 kwa saa moja. Kiwango cha 256 kinakula kama MB 115. Ukisikiliza mtandaoni saa moja kila siku kwa siku 30, hiyo ni kama GB 1.3 au GB 3.5. Wimbo wa dakika 4 ukiupakua mara moja kwa kiwango cha chini ni kama MB 3, na utausikiliza hata mara mia bila kulipa tena. Na betri ya saa inakwisha haraka sana inapovuta muziki kutoka kwenye mnara. Kama lengo lako ni nyimbo kumi za kwaya za njiani, pakua. Usilipie mto mzima kwa ajili ya kikombe kimoja.

2. Muziki si adui

Wapo wanaodhani kijana mcha Mungu anapaswa kuona aibu kupenda muziki. Hapana. Daudi alipompigia Sauli kinubi, Sauli alitulia na roho iliyomsumbua ikamwacha (1 Sam 16). Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba roho huchoka kama mwili unavyochoka, na inahitaji pumziko. Anasimulia habari ya zamani juu ya Mtume Yohane na upinde: upinde unaovutwa muda wote mwisho hukatika.

Sisi wa Kanda ya Ziwa tungekuwa wa mwisho kuusema vibaya muziki. Wasukuma wanalima kwa ngoma. Bugobogobo ni majembe yanayocheza. Pale Bujora, Kisesa, Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika, aliukaribisha utamaduni huo ndani ya uzio wa parokia, na sikukuu ya Bulabo inachezwa kuzunguka Sherehe ya Ekaristi Takatifu. Ukifika pale utaona kitu ambacho saa haiwezi kukupa: wimbo una watu. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, jembe linashuka kwa pamoja. Ukikosea pigo, jirani yako anajua.

Muziki wa sikioni hauna jirani. Hilo si dhambi, lakini tulijue. Kijana anayesikiliza nyimbo za Bernard Mukasa au za John Mgandu asubuhi nzima peke yake, halafu Jumapili anasimama kanisani mdomo umefungwa, amegeuza chakula cha familia kuwa vitafunwa vya njiani.

3. Je, saa ni simu?

Sasa swali la kwanza. Kuacha simu ni tendo jema, na ninampongeza dada yetu. Simu ina ujumbe, picha, makundi ya WhatsApp, na ile tabia ya kufungua kitu kimoja ukajikuta kwenye kumi. Saa yenye nyimbo chache imefunga milango mingi. Tofauti ipo.

Lakini kujinyima kwa Kikristo hakupimwi kwa ukubwa wa kifaa. Kunapimwa kwa swali hili: nafasi niliyoiachia imejazwa na nini? Mtakatifu Augustino anatofautisha kutumia na kufurahia. Vitu vya dunia tunavitumia kama njia. Mungu ndiye tunayepumzika ndani yake. Shida inaanza njia inapogeuzwa kuwa nyumba.

Kwa hiyo jipime hivi. Betri ikizimika ukiwa njiani kwenda Misa, unajisikiaje? Ukisema "aah, haya, leo natembea hivihivi", basi saa ni mtumishi wako. Ukipandwa na hasira au ukataka kurudi nyumbani kuichaji, basi simu uliyoiacha mezani imekufuata, imepungua kilo tu.

4. Ukimya unaouma

Swali la pili linahitaji upole. Huwa tunahubiri "kaeni kimya, msikie sauti ya Mungu", tukimtaja Eliya pangoni Horebu, aliyemkuta Bwana katika ile sauti ndogo tulivu baada ya upepo, tetemeko na moto (1 Fal 19). Ni kweli. Ila tunasahau Eliya alifika pale akiwa katika hali gani. Alikuwa ametoka kuomba afe. Na Mungu hakumwanzishia ukimya. Alimwanzishia usingizi, mkate na maji. Ukimya ulikuja baadaye, baada ya safari ya siku arobaini.

Kwa mtu mwenye msiba, ukimya si chumba kitupu. Una kitanda cha hospitali, una simu ya saa nane usiku, una maneno ambayo hukuwahi kuyasema. Anayeweka muziki ili avuke njia hiyo hajamkimbia Mungu moja kwa moja. Anajaribu kufika. Tusimhukumu.

Hapa Augustino anatusaidia tena. Mama yake, Monika, alifariki Ostia mwaka 387. Katika kitabu cha tisa cha Maungamo anaeleza kwamba alijizuia asilie. Rafiki yake Evodio alianzisha zaburi na nyumba nzima ikaitikia. Yeye bado macho makavu. Alikwenda hata kuoga akitumaini uchungu utaoshwa, haukuoshwa. Akalala. Alipoamka, peke yake kitandani, akakumbuka maneno ya utenzi wa Askofu Ambrosi wa Milano. Na hapo ndipo machozi yalipotoka, akamlilia mama yake mbele ya Mungu.

Angalieni vizuri kazi ya wimbo hapo. Wimbo haukuziba machozi. Uliyafungulia. Haukuwa unapigwa muda wote. Ulipita ndani ya kumbukumbu, ukamwacha Augustino na Mungu wake katika ukimya wa chumba.

Na ni Augustino huyohuyo ambaye katika kitabu cha kumi anakiri kuwa mara nyingine utamu wa sauti ulimvuta kuliko neno linaloimbwa, akajilaumu. Hata hivyo hakuufukuza wimbo kanisani. Aliukubali, akijua hatari yake. Huo ndio ukomavu: kuupenda wimbo na kujua unakupeleka wapi.

Basi swali si "nisikilize au nisisikilize?" Swali ni: wimbo huu unanifungulia mlango au unanifungia? Kuna nyimbo ukimaliza kuzisikia unaweza kusali. Kuna nyingine ukimaliza unatafuta ya pili haraka kabla hujasikia chochote. Hata wimbo wa dini unaweza kuwa wa aina hii ya pili.

5. Zoezi la wiki moja

Nimewapa vijana wetu zoezi hili, nanyi jaribuni.

*Moja.* Chagua nyimbo tatu tu za asubuhi, zipakue. Usiruhusu programu ikuchagulie inayofuata.

*Mbili.* Weka kituo njiani: mti, duka, kona. Ukifika hapo, zima. Siku ya kwanza iwe hatua hamsini tu kabla ya mlango wa kanisa. Kesho ongeza. Yesu mwenyewe alitoka alfajiri kukiwa bado giza akaenda mahali pasipo na watu akasali (Mk 1:35).

*Tatu.* Katika hatua hizo, mweleze Bwana kitu kimoja kinachokuuma, kwa maneno ya kawaida. Wale wawili wa njia ya Emau walikuwa wamefiwa, na Yesu alipowakaribia alianza kwa kuwauliza wanazungumza nini, akawaacha waseme (Lk 24). Hakuwakataza huzuni.

*Nne.* Ukimya ukikuzidi, usiubebe peke yako. Mtafute padre, katekista, sista, au mama mmoja wa jumuiya unayemwamini. Huzuni isiyoachia usingizi wala chakula kwa wiki nyingi, ipeleke hospitali pia. Kufanya hivyo si upungufu wa imani.

*Tano.* Barabarani acha sikio moja wazi, na ukivuka barabara ya Shinyanga toa vyote. Malori ya kwenda Usagara hayajui kama unasikiliza Zaburi. Ndugu zangu wa bodaboda, ninyi msiweke kabisa. Abiria wako ni uhai uliokabidhiwa.

*Sita.* Kama saa unayo, ifanye pia kengele. Iweke itetemeke saa 12 asubuhi, saa 6 mchana na saa 12 jioni kwa ajili ya Malaika wa Bwana. Na ukiingia kanisani ivue au izime kabisa. Mkono unaotetemeka wakati wa mageuzo unasumbua na jirani yako.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Mara ya mwisho kutembea nusu saa bila kusikiliza chochote ilikuwa lini? Ulikutana na nini?
2. Wimbo gani umewahi kukufungulia sala? Upi unautumia kufunga?
3. Katika jumuiya yetu kuna nani aliyefiwa ambaye hatujamuuliza tena anaendeleaje tangu arobaini ipite?

Tusali

Bwana Yesu, uliyelia kaburini kwa Lazaro, tunakushukuru kwa sauti, kwa ngoma na kwa nyimbo zinazotubeba tunapochoka. Tufundishe kuzima kwa wakati wake. Wanaoogopa ukimya kwa sababu ya uchungu, tembea nao polepole kama ulivyotembea na wale wa Emau, na utupe sisi masikio ya kuwasikiliza. Uwapokee marehemu wetu wote katika amani yako. Amina.

Mtakatifu Monika, utuombee. Mtakatifu Augustino, utuombee.

Tuombeane, vijana. Wiki ijayo tutaendelea na somo la pili juu ya sala ya jioni na kuchunguza dhamiri.