Harufu: Lugha ya Wadudu

Ndugu mwanafunzi, bila shaka unazijua sura mbili za Qur'ani zenye majina ya wadudu: An-Nahl, yaani nyuki, na An-Naml, yaani sisimizi. Katika somo hili tutaangalia jinsi wadudu hawa wanavyopashana habari kwa harufu.

Feromoni ni nini?

Feromoni ni kemikali inayotoka katika tezi za mdudu. Wenzake wa aina yake huinusa kwa vipapasio vya kichwani, kisha hufanya jambo fulani. Jina hilo lilianza kutumika mwaka 1959. Mwaka huo huo mwanasayansi wa Ujerumani, Adolf Butenandt, alitangaza kuwa ametambua kemikali ambayo nondo jike wa hariri huitumia kumwita dume. Kazi hiyo ilichukua takriban miaka 20 na ilihitaji nondo wapatao 500,000, kwani kila mmoja ana kiasi kidogo mno.

Njia ya sisimizi

Sisimizi wa aina nyingi akipata sukari jikoni hurudi shimoni huku akigusisha tumbo lake chini na kuacha alama ya harufu. Wenzake huifuata, na kila anayerudi na chakula huongeza harufu yake. Sukari ikiisha, wanaorudi bila kitu hawaweki alama, hivyo harufu hupotea hewani na njia hufutika.

Jaribu mwenyewe: futa sehemu ndogo ya njia yao kwa kitambaa chenye maji. Utawaona wakisita na kuzungukazunguka mpaka waipate tena.

Mwito wa nyuki

Nyuki wa asali anapouma, mwiba wake hubaki katika ngozi, nao hutoa harufu inayofanana na ya ndizi mbivu. Harufu hiyo ni mwito wa vita, na huwaonyesha nyuki wengine mahali pa kushambulia. Ndiyo maana mtu aliyeumwa na nyuki mmoja huweza kuvamiwa na kundi zima. Warina asali hutumia moshi kwa sababu moshi hupunguza uwezo wa nyuki wa kunusa mwito huo.

Mafunzo

1. Usimponde nyuki karibu na mzinga, kwani nyuki aliyepondwa naye hutoa harufu hiyo.
2. Ukiumwa, usisimame kupunga mikono. Funika uso, kimbilia ndani ya nyumba na ufunge mlango.
3. Ukishafika mahali salama, ondoa mwiba haraka kwa ukucha.

Wapo watakaokucheka kwa kukimbia. Waelimishe kwamba huo si woga bali ni elimu.

Maswali

1. Kwa nini njia ya sisimizi hufutika chakula kikiisha?
2. Moshi humsaidiaje mrina asali?
3. Kwa nini mwiba uondolewe haraka?