Makumbi ya nazi na sumu isiyoonekana majini

Katika masomo ya twahara tumefundishwa kuyatazama maji kwa mambo matatu: rangi, ladha na harufu. Lakini ndugu msomaji, yapo maji yasiyobadilika katika yote hayo, yakafaa kwa udhu, na bado yakamdhuru mnywaji. Ni maji yenye metali nzito, kama vile risasi na zebaki.

Risasi tunayoisema imo ndani ya betri za gari na katika baadhi ya rangi za kuta. Betri kuukuu ikivunjwa jirani na kisima, sumu yake yaweza kuingia majini. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 kwa lita moja, yaani sehemu moja ya mia ya miligramu. Anayeumia zaidi ni mtoto mdogo, kwani risasi huharibu ubongo unaokua.

Akina mama husema, "Sisi tunachemsha." Vyema, msiache, kwani kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu. Risasi haifi. Lita 10 zikichemka zikabaki 9, risasi ni ile ile, ila maji yamepungua.

Sasa tuje kwenye minazi yetu ya Bagamoyo. Majaribio ya maabara katika nchi mbalimbali yameonyesha kuwa makumbi, maganda ya mpunga na hata maganda ya ndizi hunasa metali hizi. Siri ni chaji ya umeme: risasi iliyoyeyuka majini ina chaji chanya, na nyuzi za kumbi zina sehemu zenye chaji hasi, basi huvutana. Maji yakiwa na asidi, mvuto hupungua.

Je, tujaze makumbi kwenye mtungi? Hapana! Kumbi bichi hutoa rangi ya kahawia, huoza, na hulea vijidudu. Kule maabara huoshwa, hukaushwa, husagwa na kupimwa. Mkaa wa jikoni nao si sawa na ule wa vifuu unaotengenezwa kiwandani kwa joto kali na mvuke, na hata huo hushika zaidi klorini na harufu.

Mwenye shaka na kisima chake apeleke maji yakapimwe kwenye maabara ya Wizara ya Maji, akitaja kuwa anataka kipimo cha risasi, maana kipimo cha vijidudu hakiioni.

Na makumbi yaliyokwisha kunasa sumu yasitupwe shambani wala kuchomwa jikoni, kwa sababu risasi bado imo humo.